Ng'ombe Aliyelamba Majina

Karuba, tarehe 4 Juni

Kwa Papa Jérôme, mkwe wangu mheshimiwa,

Amani ya Bwana ikukute wewe, Mama Adelaïde, na wote wanaolala chini ya paa lako huko Butembo. Mgongo wako unaendeleaje? Na kifua cha Mama Adelaïde, kimetulia? Sisi huku Karuba ni wazima, mvua inanyesha, majani ni mengi. Mke wangu Kampire anakusalimu mara mbili, ya pili kwa sababu anasema ile ya kwanza huwa nasahau kuifikisha. Mwanangu Valens anakutumia fromaje, jibini ya mviringo, kwa mkono wa shofa Byamungu, dereva anayekuletea barua hii. Ukiikuta imekatwa, muulize yeye.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu mambo ya wakwe hayasemwi kwenye simu. Simu yangu ina sauti kubwa, na kilima kizima kinasikia.

Habari za harusi ni njema. Padri ametupa Jumamosi ya mwisho ya Agosti, kanisani Mushaki. Binti yako Régine anaendelea na kazi pale kituo cha afya, na watu wanasifu kuwa sindano yake haiumi. Nami sijasahau tulivyopatana: kwenu Wanande mahari ni mbuzi, kwetu ni ng'ombe, na baada ya siku nzima ya maneno wajomba wa Régine walikubali ng'ombe mmoja asimame mahali pa mbuzi wote. Ng'ombe huyo ni Bihogo. Ana rangi ya udongo uliolowa, ana maziwa, na hajawahi kumpiga mtu teke bila sababu. Katika zizi langu hakuna mzuri kama yeye, na ndiyo maana nilimchagua.

Kuna jambo dogo tu. Bihogo yuko kasho, mahabusu.

Usishtuke. Unalijua lile jiwe refu katikati ya soko la Mushaki, lililosimamishwa zamani za Wabelgiji kwa ajili ya wanaume waliochonga barabara. Majina yao yaliandikwa kwenye bamba la sima, yaani saruji, juu kidogo ya kifua cha mtu. Wiki iliyopita walikuja wageni kutoka Goma, na kamera, maana siku hizi jiwe hilo limekuwa historia. Edmond, mkuu wa soko, alivaa koti, akawaongoza katikati ya viazi na kabichi mpaka kwenye jiwe, wakamkuta Bihogo amewatangulia. Alikuwa analamba. Majina yote yalikuwa yamekwisha isipokuwa herufi mbili, na hizo mbili akazimaliza mbele ya kamera, ndipo Edmond akaamuru afungwe.

Watu wanasema mengi. Wanasema si kosa lake peke yake, kwamba ng'ombe wa kilima kizima wamelamba pale miaka na miaka kila siku ya soko, yeye kamalizia tu. Wanasema kuna duka fulani linaloegemeza kwenye jiwe magunia ya kitu fulani cheupe, kile kinachotiwa kwenye mboga, na mvua ikinyesha kitu hicho kinaingia ndani ya sima. Watu wana midomo. Mimi sijasema lolote, na sitasema.

Basi uwe na amani. Nitakuwa nimemtoa kabla barua hii haijakufikia.

Mimi mkwe wako,
Kabera

*

Butembo, tarehe 13 Juni

Papa Kabera, mkwe wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hapa tuko salama. Mgongo uko pale pale. Kifua cha Adelaïde kimepona, sasa ni jino. Msalimie Mama Kampire mara tatu ili nisidaiwe. Fromaje ilifika nusu. Byamungu anasema ni joto.

Barua yako imefika na Bihogo bado yuko kasho. Nimeambiwa na dada yangu Mbambu, anayenisimamizia duka pale Mushaki. Kwa hiyo acha tuzungumze kama watu wazima ambao hawataji kitu.

Duka hilo fulani nalijua. Nalijua kuliko mtu yeyote. Lakini hebu fikiri na mimi. Mwenye duka akisimama leo aseme "kosa ni langu", atakuwa amemkosea mwenye ng'ombe kabla ya harusi. Na siku binti yake atakapoingia kwa mwenye ng'ombe, watu watasema alipelekwa kulipa kosa la baba yake. Régine wangu si fidia ya mtu. Nilimsomesha kwa maharage ya kupakia kwa mgongo huu unaouliza habari zake. Neno la namna hiyo humfuata mwanamke mpaka wajukuu wake wanalisikia kisimani.

Na wewe ukinishitaki, ni yale yale. Najua hutanishitaki. Nakushukuru, nami sitasema nakushukuru kwa lipi.

Sasa mimi ni mfanyabiashara, sikai nikiangalia mzigo unaoza. Nimemwagiza Mbambu aseme mbele ya Edmond kwamba waliolamba jiwe ni mbuzi. Mbuzi hawana wakwe.

Swali moja. Mimi sijawahi kufuga ng'ombe. Mle kasho anakula nini? Analala au anasimama tu? Usicheke.

Mkwe wako,
Jérôme

*

Karuba, tarehe 26 Juni

Papa Jérôme, mkwe wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Pole kwa jino la Mama Adelaïde. Kampire anasema aweke karafuu, na asiache ulimi uchezee pale. Sisi ni wazima mwilini. Moyoni, laiti barua yako ya mbuzi ingefika siku moja mapema.

Edmond alituita Ijumaa, siku ya soko. Walikuja hata watu wasio na cha kuuza. Alisimama kando ya jiwe na koti lake, akaanza:

"Papa Kabera, ile ngombe iko yako?"

"Iko yangu."

"Njo ililamba majina ya bakubwa?"

"Njo yenyewe."

"Basi sema mbele ya bantu. Juu ya nini ilikuwa nalamba? Jiwe iko majani?"

Alikuwa anauliza sababu. Mkwe, kila mtu alijua jibu. Mama wa viazi walikuwa wamelishika mdomoni tayari, wananihurumia, wanangoja nilitoe. Nilimfikiria binti yetu na sindano yake. Nikasema:

"Papa Edmond, ile ngombe inapendaka kusoma."

Walicheka mpaka kuku wakakata kamba. Edmond hakucheka. Nilipoona hivyo nikaongeza kwamba Bihogo ana mimba, na mwenye mimba hutamani udongo na mawe, kila mama anajua. Hapo akina mama walinitetea kwa nguvu zote. Lakini Edmond alimwita daktari wa mifugo, naye akavua shati, akaingiza mkono mpaka begani, akatangaza kwamba hakuna kitu. Naona haya kukuandikia hivi wewe mkwe wangu, lakini ndivyo ilivyokuwa, na Bihogo mwenyewe aliona haya.

Ndipo dada yako Mbambu aliposimama kwa ujasiri wote.

"Haiko ngombe! Miye niliona na macho yangu. Njo bambuzi!"

Sasa, mbuzi wa Mushaki ni wa nani? Ni wa Mama Athanasie. Naye alikuwa ameketi palepale kwenye ndizi zake. Aliondoka, akarudi na mbuzi wake wote, akawapanga mbele ya jiwe.

"Mbambu, onyesha miye ile yenye iko na shingo ya kufika kule juu! Onyesha! Ni hii? Ni hii?"

Beberu mkubwa alisimama kwa miguu miwili, akajinyoosha kama anayetafuta sukari kabatini, akakosa. Watu walimpigia makofi. Mama Athanasie anadai mbuzi wake waombwe msamaha, kila mmoja kwa jina lake.

Edmond alifunga kikao hivi: "Sitake pesa. Nataka sababu. Ngombe hatatoka mpaka mwenye ngombe aseme kweli na kinywa yake, hapa kwa jiwe." Na ni mkaidi, mama yake mwenyewe anakiri. Wengine wangeweza kusema kwa niaba yangu, lakini kila mmoja anadai yeye hana ng'ombe mle ndani. Mimi nadhani wanafurahia tu. Tangu televisheni ya paroko iharibike hawajapata kitu kingine.

Ulikuwa umeuliza. Anakula majani ninayomkatia. Usiku analala chini, anatafuna. Amefungwa pamoja na mwizi wa simu, na mwizi huyo amejifunza kukamua.

Mkwe wako katika aibu,
Kabera

*

Butembo, tarehe 7 Julai

Papa Kabera, mkwe,

Salamu kwa wote. Karafuu imesaidia. Mama Athanasie nimemtumia gunia la vibiriti na maneno matamu. Mbuzi siwezi kuwaandikia.

Nimecheka kwa ile ya kusoma. Nimecheka ghalani peke yangu, mpaka wapakiaji wakaniuliza kama ni malaria. Kisha sikucheka tena, kwa sababu wajomba wa Régine walifika.

Wamesikia kila kitu, ila wamesikia vibaya. Huku Butembo habari imekwisha kuwa kwamba watu wa ng'ombe wameficha ng'ombe wao kasho makusudi, ili waoe bure. Mjomba mkubwa amegonga meza yangu. Anasema: "Tuliomba mbuzi tukaonekana bashamba. Sasa ngombe iko wapi? Mbuzi haifungwake!" Nilitaka kumweleza ukweli. Lakini ukweli, nikiutoa kwa mjomba, kesho uko sokoni, na binti yangu ni fidia tena.

Wamekata shauri. Ng'ombe asipokuwa mikononi mwetu kabla ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, posa imekufa, na pombe yenu tutairudisha. Si mimi, mkwe. Ni wajomba. Unajua kwamba kwa binti mjomba ana meno kuliko baba.

Adelaïde analia jikoni na kusema ni vitunguu. Hatupiki vitunguu siku hizi. Régine alipiga simu jana, hakuuliza kitu, aliimba tu wimbo wa kanisa kidogo halafu akakata. Alifanya hivyo pia alipokuwa mdogo, akiwa na homa.

Nakuandikia haya kwa heshima yote. Tafuta njia. Mimi njia yangu ilikuwa mbuzi na imekwisha.

Mkwe wako, kama Mungu akipenda,
Jérôme

*

Karuba, tarehe 22 Julai

Papa Jérôme, mkwe wangu,

Nakusalimu, nawasalimu wajomba hata kama hawataki. Afya yangu si nzuri. Siumwi popote, ila chakula hakishuki.

Nimekaa siku nyingi bila kukujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Nitakuambia wazi: naogopa. Valens ni mwanangu wa mwisho aliyebaki hapa kilimani, na tangu amfahamu Régine amekuwa mtu wa kupiga mluzi akitengeneza fromaje. Sasa hapigi. Kila jioni anabeba majani mpaka kasho, anakaa nje ya mbao akizungumza na Bihogo, na yule mwizi wa simu anamshauri mambo ya ndoa. Juzi alinijia.

"Papa, sema tu. Bote banajua."

Nikamwambia: "Bote banajua, lakini hakuna mwenye alisema. Kujua haiko kusema. Siku nitasema, bibi yako ataingia humu kama kitu ya kulipa. Weye unataka bibi ao unataka malipo?"

Kampire ndiye aliyekuwa anapepeta maharage, akasema bila kuinua kichwa: "Na kama ngombe haiko yako?"

Nilimwambia asitukane ng'ombe wangu. Akasema tena polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Mkwe, nilisimama nikatoka nje nikazunguka zizi, nikarudi nikamshika mkono mbele ya mwanangu, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya harusi yetu.

Sikiliza. Nani kasema lazima mahari ingoje siku ya harusi? Nani kasema lazima ng'ombe awe nje? Njoo Mushaki na wajomba wote. Nitakukabidhi fimbo ya Bihogo palepale kwenye mlango wa kasho, mbele ya mashahidi, kwa desturi zote. Kuanzia unapoishika fimbo ile, mle ndani mimi sina ng'ombe. Ng'ombe ni wako. Na yule mwenye duka fulani, ambaye wote tunamheshimu, hatakuwa amemkosea mtu yeyote ila nafsi yake. Mtu anaruhusiwa kujishitaki mwenyewe mchana kweupe, na binti yake hawi fidia ya mtu.

Lakini najua ninachokuomba. Nakuomba usimame mbele ya Mushaki nzima, wewe mtu mkubwa mwenye ghala, useme peke yako kitu ambacho mimi nimekataa kusema. Ukikataa sitakulaumu. Nitaendelea kukuheshimu, hata kama hatutakuwa tena wakwe.

Nangoja neno lako,
Kabera

*

Butembo, tarehe 30 Julai

Mkwe,

Salamu. Wazima.

Nimesoma mara mbili na Adelaïde amesoma mara nne. Mpe Mama Kampire heshima zangu zote. Mwanamke huyo angekuwa mfanyabiashara, sisi wengine tungefunga maduka.

Tunakuja. Wajomba nimewaambia wanakuja kupokea ng'ombe, sijawaambia wanapokelea wapi. Tutapanda gari la Byamungu mpaka Sake, na kutoka Sake tutapanda vilima kwa uwezo wa Mungu.

Nina ombi. Je, desturi inanitaka nimguse? Nikiwa mdogo ndama alinikimbiza hadi kwenye choo cha shule, nikakaa humo mpaka kengele. Kama kushika fimbo kunatosha, nitashika fimbo. Kama lazima nimguse, niambie sehemu gani isiyo na hasira.

Jérôme, mkwe wako

*

Karuba, tarehe 12 Oktoba

Kwa Papa Jérôme, mkwe wangu mheshimiwa sana,

Amani ya Bwana ikukute wewe, Mama Adelaïde, wajomba, na wote wa nyumba. Mgongo? Jino? Biashara? Sisi ni wazima. Watoto wetu pia ni wazima, Régine amenenepa kidogo usoni, na Valens anapiga mluzi mpaka nimemwomba apumzike.

Tangu siku ya harusi sijaona barua yako. Nilikuandikia neno la shukrani mwezi wa tisa, na Byamungu anaapa alilifikisha. Nimeandika tena. Kampire anasema nisihesabu kimya cha mtu mwenye kazi, lakini mimi nahesabu. Najiuliza kama nilikuumiza. Ulisimama pale mbele ya watu kwa ajili yetu, na huenda uliporudi Butembo, ukiwa peke yako, uliona kwamba Kabera alikutumia kama ngazi. Kama ni hivyo, niambie. Kama nimekosa, nitakuja kwa miguu mpaka Sake na kutoka Sake kwa lolote litakalopita.

Habari za jiwe. Ile sima uliyolipia imepakwa, na fundi akaketi na nyundo na msumari akisubiri kuambiwa majina. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba hakuna mtu aliyewahi kuyasoma yale ya zamani. Edmond akauliza soko: nani ana mzee wake aliyechonga barabara? Mkwe, barabara hiyo ilichongwa na taifa zima. Bamba la mbele lilijaa kabla ya saa sita, wakaanza ubavuni. Mama Athanasie ameandikisha babu yake, ingawa kila mtu anajua mzee huyo alikufa kabla Mbelgiji wa kwanza hajafika. Hakuna aliyethubutu kumwambia, wewe ungethubutu?

Waliniuliza na mimi. Nikawaambia babu yangu asiandikwe. Siku walipokuja kukusanya watu kwa viboko ili wakachonge barabara ile, yeye alichukua ng'ombe wake akapotelea milimani, na hakushika sururu hata siku moja. Edmond aliguna, akasema huo ndio ukweli wa kwanza aliousikia siku hiyo.

Tafadhali niandikie, hata mstari mmoja. Je, Bihogo anakupendeza? Anatoa maziwa ya kutosha hapo nyuma ya duka kwa Mama Mbambu?

Kwa heshima na wasiwasi,
mkwe wako Kabera

*

Butembo, tarehe 3 Novemba

Kabera!

Salamu sikupi. Ya mgongo usiniulize.

Umenipa ng'ombe gani? Huyu ni ng'ombe au mkaguzi wa serikali? Amekula katoni ya sabuni dukani, akatoa povu siku nzima, na wateja wakapiga magoti wakidhani ni pepo. Amelala mlangoni siku ya soko, na hakuna mtu wa kumwamsha kwa sababu Mbambu anasema ni mahari, si vizuri kumpiga. Maziwa anampa nani? Anampa yule mwizi wa simu! Ametoka kasho, anakuja kila asubuhi kumkamua, eti mikono ya mwingine Bihogo hakubali. Nimelazimika kumwajiri. Mimi, Jérôme, nina mwizi kwenye orodha ya mishahara, kwa ajili ya ng'ombe wako.

Na ulisema kumpiga teke bila sababu hajawahi. Mjomba mkubwa anataka kujua sababu yake ilikuwa ipi.

Unasema nilisimama kwa ajili yenu. Ndiyo, nilisimama! Nimeshika fimbo, yule mnyama wako ananipumulia shingoni kwa moto, na Mushaki nzima imepanda juu ya meza ili inione. Nikasema kwa sauti ya kwetu, siyo ya vitabu: "Ngombe iko yangu. Chumvi pia iko yangu. Hakuna mwingine mwenye kosa, ni miye na miye tu." Na Edmond, badala ya kunikemea nikamaliza, alinishika mkono machozi yanamlengalenga, akasema: "Njo sababu. Asante, papa. Asante." Kwa ajili ya sababu! Mtu mzima analilia sababu! Wajomba walipoelewa waliko, mmoja alikaa juu ya kabichi za watu. Na wewe ulikuwa umesimama pembeni na kofia kifuani kama malaika wa mtakatifu, hujui kitu, hujasikia kitu, mnafiki mkubwa wewe.

Sasa sikiliza la mwisho. Bihogo amelamba tena. Amemaliza upande wa mbele na amefika kwa babu wa Mama Athanasie. Edmond amemrudisha kasho, na mara hii mwenye ng'ombe ni mimi.

Kwa nini nilikaa kimya? Nitakuambia. Kila jioni nilikaa kutafuta maneno mazuri ya kumwandikia mkwe. "Mheshimiwa", "mpendwa", mimi sina mengi ya hayo, niliyokuwa nayo yote uliyamaliza kati ya Juni na Julai. Adelaïde akaniona nachana karatasi. Akaniuliza: "Unaandikia nani?" Nikamwambia Kabera. Akasema: "Sasa yule si ndugu yako? Ndugu anaandikiwaka hivyo?" Nikaona nimekuwa mjinga. Mtu mwenye binti yangu nyumbani mwake, anayemwita binti yetu tangu kabla hajawa wake, aliyekubali kuitwa mwenye ng'ombe anayesoma ili mwanangu asitajwe vibaya kisimani, huyo nampimia maneno kwa kijiko?

Basi hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyatoa kwa gunia.

Ndugu yako, kwa bahati mbaya,
Jérôme

*

Karuba, tarehe 15 Novemba

Jérôme!

Barua yako nimeisoma kwa sauti, mbele ya nyumba nzima, na majirani wakasimama kwenye uzio. Nilipofika kwenye "mnafiki mkubwa" Régine alicheka mpaka akakaa chini, akasema: "Njo Papa yangu yule. Sasa njo anakupenda." Kampire aliniomba nirudie sehemu ya sabuni. Nimerudia mara nyingi.

Nitakuambia jambo ambalo mkwe hamwambii mkwe. Tangu siku nilipotuma posa niliogopa kwamba ninyi watu wa maduka mtatuvumilia tu, kwa adabu, mpaka tufe. Adabu yako ilikuwa inanitia baridi. Hii barua imenipa joto kama blanketi, na nimekuwa nikitembea nayo mfukoni tangu asubuhi, natukana ng'ombe wengine kwa furaha.

Sasa zamu yangu. Wewe ni mfanyabiashara wa aina gani? Umeishi umri wako wote ukiuza, na hujui unachouza kinafanya nini kikilowa? Nimevumilia. Nimeitwa mjinga mbele ya kuku. Nimesema ng'ombe anasoma. Nimesema ana mimba. Nimemwona daktari amezama mpaka begani kwa sababu ya heshima yako. Kila barua niliyokuandikia ilikuwa na neno moja mlangoni linagonga linataka kutoka, nami nalisukuma lirudi, na halijaondoka, liko hapa. Usiku Kampire anasema naliota.

Mlipe Edmond sababu yake, mtoe Bihogo, na kesho asubuhi kabla hujanywa chai mpigie Mbambu simu. Piga kwa sauti kubwa, kilima chote kisikie, mimi sijali tena. Mwambie ayaondoe yale magunia kwenye jiwe. Ni chumvi, Jérôme! Chumvi! Chumvi yako, tangu mwanzo, chumvi, chumvi, chumvi!

Ah. Sasa nitakula.

Ndugu yako,
Kabera